Kashata na Fremu ya Kona

Jumatatu, 16 Juni 2025

Leo nimeshinda. Bado haijatangazwa, lakini nimeshinda.

Kwanza niandike hali ilivyo, ili siku nikiwa na saluni kila mji mpaka Bukoba watu wajue Mwebesa alianzia wapi. Nilianzia hapa Kihanga, nyuma ya mashine ya kusaga ya Yustasi, kwenye chumba ambacho mteja anaingia na nywele nyeusi na kutoka na mvi za unga. Mwezi uliopita kijana mmoja alitoka kwangu akakutana na mchumba wake njiani. Mchumba akamwamkia shikamoo.

Dawa ya haya yote ni fremu ya kona. Inatazama barabara, ina dirisha kubwa, na ipo wazi tangu mwenye duka la dawa ahamie Kayanga. Ni mali ya Mzee Othman wa duka la jumla. Tunaoitaka ni wawili: mimi na Nolasco fundi cherehani, mtu anayevaa futi shingoni hata kanisani. Mzee amegoma kuamua. Anasema sote ni wapangaji wake na hataki lawama.

Sasa sikia. Binti yake, Mwalimu Nusra, anayefundisha baiolojia sekondari, anakwenda semina Bukoba mpaka Jumapili. Ana mnyama wake aliyepewa na rafiki wa chuo, panya wa jangwani, jina lake Kashata. Rangi yake kweli ni ya kashata ya karanga, na mkia wake una manyoya mpaka mwisho, halafu kishada cheusi. Mama yake Mwalimu, Bi Zuena, hataki kukaa naye. Ana paka wake, na anasema hawezi kuweka nyumba moja paka na kitoweo cha paka. Kwa hiyo alitafutwa mtu wa kumtunza. Mimi na Nolasco tulikuwepo dukani. Nikasema mimi, kabla Nolasco hajafumbua mdomo! Nikaongeza kwamba sisi wa Kibingo tumezaliwa zizini, na panya ni ng'ombe mdogo tu.

Mzee Othman akasema neno nililolisubiri. Nusra akirudi akamkuta mnyama wake mzima na msafi, basi Nusra ndiye atakayesema fremu apewe nani.

Mwalimu akanipa masharti. Kashata haogi maji, anaoga mchanga mkavu, uko kwenye bakuli lake, anajigaragaza mwenyewe. Nisimshike mkia, ngozi yake inachunika. Nimbadilishie maranda yakichafuka. Nimpe vijiti atafune, meno yasirefuke. Niliitikia kila kitu kwa heshima.

Kuoga mchanga! Masikini Mwalimu. Kasoma sana, lakini hajafuga.

Jumanne, 17 Juni 2025

Nimeondoa bakuli la mchanga.

Sikuwa na njia nyingine. Kashata akiingia humo anapinduka, anapiga mateke, mchanga unaruka chumba kizima. Asubuhi nilikuwa namnyoa ndevu katekista. Povu liko kidevuni, mara mchanga huo, umetua juu ya povu. Wembe ukakwaruza. Katekista ni mtu wa dini, ila alinitazama kwa namna ambayo nadhani ataiungama.

Mchana Nolasco kaja, eti anaazima kioo. Akainama kwenye tundu la Kashata. Akasema kwa huruma ya uongo kwamba mnyama amepauka, manyoya yamelala, Mwalimu atasikitika sana. Nikamwambia aende akashone. Lakini alipoondoka nikamtazama Kashata vizuri. Kweli kapauka. Nikimrudisha hivi, fremu kwaheri.

Nimefikiri mchana kutwa. Maji yamekatazwa, sawa, mimi ni mtu wa kufuata masharti. Lakini samli je? Hakuna aliyetaja samli! Na kwetu kinachong'arisha ni nini kama si samli? Bibi harusi hatoki ndani bila kupakwa samli. Ndama wa kwenda kwenye maonyesho, samli. Marehemu babu alijipaka samli mpaka miaka ya mwisho, na ngozi yake ilikuwa laini kuliko yangu.

Nikampigia Mama simu Kibingo, nikamwomba samli nzuri ya kupaka mwilini. Akauliza, sauti imebadilika, kama hatimaye nimepata mchumba. Simu ilikuwa inakaribia kuisha salio. Nikasema ni jambo linaloelekea huko.

Jumatano, 18 Juni 2025

Bodaboda kaleta kopo la samli na fungu la nyasi kavu za kufukizia. Mama kaagiza kwamba binti apakwe kwanza, halafu afukizwe moshi, kama yeye alivyofukizwa kabla ya kuolewa. Pia anauliza binti ni wa ukoo gani. Nimemwambia bodaboda amjibu kwamba ametoka mbali.

Nimempaka Kashata samli kwa brashi ya kunyolea. Taratibu, kuanzia masikioni. Akang'aa! Akang'aa kama kiatu cha padri. Nikamwita Yustasi aje aone. Yustasi kasimama mlangoni, katazama, halafu kauliza tunamla leo au kesho.

Nilikuwa bado nacheka dharau zake aliporudi kuwasha mashine. Leo kuna watu wengi wa mahindi. Unga ukaanza kuingia kama kawaida, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba unga na samli vikikutana vinajua vya kufanya. Kufikia saa tisa Kashata alikuwa andazi ambalo halijatiwa kwenye mafuta. Nimejaribu chanuo. Chanuo limekwama. Amesimama kwa miguu ya nyuma, mikono tumboni, ananitazama kama Mzee Othman anavyomtazama mpangaji.

Kesho nitarekebisha. Msingi ni mzuri.

Alhamisi, 19 Juni 2025

Siku mbaya. Naandika kwa kifupi kwa sababu nina hasira.

Nilipofungua mlango asubuhi nilimkuta paka wa Bi Zuena, yule mweusi, amekaa kizingitini, hapepesi macho. Harufu ya samli imemleta. Nikajiambia hapo ndipo moshi unapofaa. Mama akimaliza kuosha ekyanzi, kile chombo chake cha maziwa cha mti, anakifukiza kwa nyasi zile zile mpaka harufu yote ya jana inatoka. Kinachosafisha chombo cha maziwa kitashindwaje panya?

Tundu nikaliweka dirishani, penye hewa, mimi si mkatili. Nyasi nikaziwasha kwenye sufuria. Kumbe Mama katuma za kutosha bibi harusi wa kimo cha mtu. Chumba kikajaa moshi mara moja. Mteja aliyekuwa kwenye kiti akatoka mbio na shuka shingoni, nusu kichwa kanyolewa, nusu bado, na mpaka naandika hajarudi. Yustasi akaona moshi, akaja na ndoo ya maji, akamwaga. Moto haukuwepo. Nilikuwepo mimi.

Kashata kapiga chafya tu. Lakini bado ni andazi, sasa la moshi.

Ndipo nikakumbuka kwamba mimi ni kinyozi! Siku zote hizi natumia akili za watu wengine wakati kazi yangu ninayo. Nikachukua mashine, nikamkata ubavuni pote penye donge, juu nikamwachia denge, kitu cha heshima. Alitulia kabisa. Pengine ile ngurumo ilimpendeza. Shida ilikuja mkiani. Mkia sikuushika, masharti nilifuata, na ndiyo sababu ukacheza, na mashine ikateleza. Kishada chote chini.

Nikamwinua nimtazame. Mwalimu aliniachia panya wa jangwani. Nilichoshika mkononi kilikuwa panya.

Nadhani mkono ulilegea kwa mshtuko. Akaruka. Akapita chini ya mlango, akapita mbele ya pua ya paka, ambaye kwa bahati alikuwa amezamisha kichwa kwenye kopo la samli, akavuka uchochoro na kuingia kwenye tundu la ukuta. Ukuta wa fremu ya kona.

Ijumaa, 20 Juni 2025

Mzee Othman alituita baada ya swala, mimi na Nolasco. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia haraka haraka, nikajua kuna jambo. Fundi wa lipu anayekarabati fremu ya kona ameona panya. Panya mbaya, amenyonyoka ubavuni, mkia kama waya. Mzee ana magunia ya mchele chumba cha pili. Anaweza kuvumilia mengi lakini si panya. Akasema atakayemwondoa kabla ya Jumapili atakuwa ameonyesha anaipenda ile fremu.

Yaani ili nipate fremu nimuue panya, na nikimuua panya sipati fremu!

Nolasco akasema atamleta paka wa Bi Zuena. Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye soksi. Nikasema paka ni haraka, paka atamkosa panya na panya atahamia kwenye mchele. Nipewe ufunguo mimi, nimshughulikie kwa utulivu. Neno mchele likafanya kazi. Ufunguo nikapewa.

Nilipoingia nilisahau kwa muda shida zangu. Fremu nzuri jamani! Mwanga! Hewa! Nikasimama mahali ambapo kiti changu kitakaa, nikazungusha shuka hewani kwa majaribio. Halafu nikasikia kitu kinakwaruza. Kwenye pembe kuna lundo la mchanga wa lipu, umechekechwa, laini kabisa. Juu yake Kashata anajigaragaza, tumbo juu, miguu juu, mchanga unaruka. Donge la samli halipo. Unga haupo. Sehemu zenye manyoya zinang'aa kuliko Jumatatu!

Niseme kweli, nilichukia. Siku mbili nimehangaika na samli ya Mama, moshi na mashine, na yeye kamaliza kazi yote kwa mchanga, peke yake, bila hata kuniita.

Nimemwita kwa upole. Nimemwekea mbegu za alizeti. Amezichukua, ameziingiza kwenye shimo alilochimba, amerudi kuniangalia kama ninazo nyingine. Kushikika hashikiki. Nimemwambia Mzee kwamba panya ni mjanja, lakini nina mazungumzo naye.

Jumamosi, 21 Juni 2025

Nolasco si mtu wa kuachwa peke yake. Nilikwenda kunywa chai tu. Kurudi, nikamwona anatoka kwenye dirisha la fremu na kikapu kitupu na tabasamu. Kamtupia paka ndani.

Nilifungua mlango mbio. Paka kajibanza mbele ya lundo la mchanga, mkia unapiga sakafu. Ndani ya shimo naona masharubu. Niliogopa jamani, na si kwa ajili ya fremu pekee. Yule mnyama amekula alizeti zangu.

Nikakimbia saluni, nikachota samli, nikarudi nimeinua kiganja. Paka akageuza kichwa. Nikatoka kinyumenyume, yeye nyuma yangu, mpaka saluni, nikafunga mlango na kumwachia kopo zima. Kalila. Kaingia ndani yake. Kajisugua nalo kila mahali. Halafu Yustasi akawasha mashine.

Jioni Bi Zuena kapita anamtafuta. Kaniuliza kama nimemwona paka mweusi. Nikamjibu kwamba paka mweusi sijamwona. Na wakati huo hakuwepo paka mweusi popote Kihanga.

Nolasco naye kauliza paka kafanya nini. Nikasema kashiba sana, anapumzika. Sikusema kashiba nini. Akaenda zake anapiga mluzi, na sasa nasikia kamwambia Mzee Othman kwamba panya kaliwa, na kwamba mpango wote ulikuwa wake. Mwache ajisifu. Kesho alfajiri namkamata Kashata, namweka kwenye tundu, namrudisha kwa mwenyewe. Kuhusu manyoya nitasema ni mtindo wa Bukoba.

Jumapili, 22 Juni 2025

Alfajiri nilipitiwa na usingizi. Nikaamka kwa kengele ya kanisa, nikaenda misani kwanza, maana nilihitaji msaada.

Kutoka kanisani nikamkuta Mwalimu Nusra tayari yuko barazani dukani kwa baba yake, begi miguuni, anauliza Kashata. Nilikuwa nimeandaa uongo wa aina tatu. Kabla sijachagua, bodaboda ikasimama. Akashuka Mama. Kavaa gomesi ya sherehe, na mkononi ana ekyanzi imejaa maziwa. Kaja kumwona mkwe!

Kasalimia watu wote vizuri. Halafu kamwona Mwalimu, kijana, mrefu, mpole, na uso wake ukafunguka. Akamsogelea. Akainama akamnusa bega.

"Binti yangu, hawajakupaka vizuri," akasema. "Samli yangu hainuki sabuni."

Mzee Othman akauliza polepole ni samli gani hiyo na nani ampake binti yake. Nikatafuta mahali pa kuingia, hapakuwepo. Hapo hapo Nolasco akaona nafasi ya kujipendekeza. Akajitokeza na futi lake shingoni, akamwambia Mwalimu kwamba asihofu, mambo yote yako sawa, hata lile panya la fremu ya kona limeliwa na paka, na ni yeye aliyemtia paka ndani. Panya wa ajabu, akasema, kama kanyolewa.

Mwalimu hakumtazama Nolasco. Alinitazama mimi.

"Mwebesa, Kashata yuko wapi?"

Uongo wote wa aina tatu ulikuja kwa pamoja ukakwama mlangoni. Nikatoa ufunguo. Sijawahi kuona hatua fupi kama hizo zikawa ndefu hivyo. Macho ya Mwalimu yalikuwa yameshajaa machozi, na mimi nilijisikia vibaya kweli, niandike tu, vibaya sana. Tukaingia. Akapiga magoti kwenye lundo la mchanga, akalaza kiganja, akaita mara moja. Mimi nimeita siku mbili! Kashata akatokeza kichwa, akapanda mkononi mpaka begani. Mzima. Anang'aa. Denge juu, ubavu upara, mkia kama waya.

Mwalimu akamgeuza huku na huku. Akamnusa.

"Umempaka samli."

Nikamwambia hakunikataza.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na maziwa yake. Alimtazama Kashata kwa muda mrefu. Halafu akaniuliza kwa Kinyambo, lakini kwa sauti ambayo wote walielewa, kama huyo ndiye mchumba. Mzee Othman, mtu ambaye sijawahi kumwona akicheka mpaka meno ya nyuma, alishika fremu ya mlango, akacheka mpaka kofia ikadondoka kwenye mchanga.

Hukumu ikatoka hapo hapo. Mwalimu akasema kwa muda mrefu amemwomba baba yake chumba cha kufugia wanyama wa kufundishia wanafunzi. Kashata ameshakichagua, ameshachimba, na mchanga anaupenda. Mzee Othman akafuta machozi ya kicheko, akasema sawa. Nolasco hana la kudai, kwa kuwa alijisifu mwenyewe mbele ya watu kwamba alimlisha paka mnyama wa Mwalimu. Mimi niliulizwa kama nina la kusema. Nikamrudishia Mzee ufunguo.

Mama akampa Mwalimu maziwa. Wakati anapanda bodaboda nilimsikia anamuuliza Mwalimu kama ana dada.

Jumatatu, 23 Juni 2025

Nimekaa saluni. Unga unaingia kama kawaida. Kutoka hapa naona dirisha la fremu ya kona, na Kashata yupo pale pale ambapo kiti changu kingekaa, amesimama na mikono yake tumboni. Watoto wamejazana nje kumwangalia. Ana watu wengi kuliko mimi.

Nimetafakari kwa utulivu kosa lilikuwa wapi. Lilikuwa kwenye masharti. Mtu akikuachia mnyama akutajie kila kitu, si maji peke yake. Mimi kila nilichokatazwa sikukifanya, na hilo hakuna aliyelitaja jana.

Lakini Mungu hamtupi kinyozi. Mchana Bi Zuena kaja, amembeba paka wake kwenye kanga. Amemwona wapi sikumuuliza. Manyoya yamegandamana samli na unga, mnyama anajikuna mpaka anaanguka. Bi Zuena analia machozi. Kasema ana banda lake linalotazama soko, halina mtu, na atakayemrudishia paka wake kama alivyokuwa wataongea.

Nolasco alikuwa anapita. Nikasema mimi, kabla hajafumbua mdomo!

Bi Zuena kanitazama, kwa kuwa habari zimemfikia. Akanihesabia kwa vidole: samli hapana, moshi hapana, mashine hapana. Nikaitikia kila kitu kwa heshima.

Josho la ng'ombe Kibingo linafunguliwa Jumamosi. Kuhusu josho hakusema neno.